Stelingi wa Angani: Amerudi au Hajarudi?

Kazi yangu ni kusema kwa niaba ya watu ambao hawajanituma. Wazungu, Wachina, Wakorea, Wahindi, wote nawasemea. Nakaa pembeni ya tivii kubwa ndani ya banda la mabati pale Mikumi, maiki mkononi, na kila mdomo ukifunguka kule ndani mimi naufungulia Kiswahili. Wateja wangu ni madereva wa malori wanaopumzika, matingo wao, mama lishe waliomaliza kuuza cha mchana, na vijana wa bodaboda ambao hawana haraka kama wanavyojifanya. Madirisha nimeyaziba kwa magunia, kwa hiyo saa nane mchana mle ndani ni giza tupu. Joto lake usiniulize.

Kuna watu wanaodhani kutafsiri muvi ni kujua Kiingereza. Watu hao wananikera mno. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, tena cha daraja ambalo silitaji mbele za watu, na Kikorea sijui hata salamu. Kutafsiri ni kumjua mtazamaji. Mtu ametoka Tunduma na semitrela, macho mekundu kama pilipili, unataka umchambulie neno kwa neno? Unampa anachoweza kumeza. Na sheria kuu ya banda, niliyoikuta na nitakayoiacha, ni moja tu: stelingi hafi. Adui atakufa. Rafiki wa stelingi atakufa, hasa akianza kuonyesha picha ya mchumba wake. Lakini stelingi hafi. Ukimuua stelingi, kesho benchi ni zako na nzi.

Sheria ya pili ni yangu mwenyewe: muvi siiangalii kabla. Naingia nayo pamoja na wateja, tunashtuka pamoja, tunacheka pamoja. Hawa watafsiri wa siku hizi wanaoangalia kwanza na kuandika kwenye daftari nawaona waoga. Nimefanya hivyo miaka yote, na sikuwahi kujuta mpaka ilipokuja ile picha ya angani.

Ilikuja wakati mbaya. Au wakati mzuri, mpaka leo sijaamua. Majina ya kidato cha tano yalikuwa yametoka, na binti yangu amechaguliwa kusoma fizikia, kemia na hesabu katika shule ya bweni ya wasichana huko Kagera. Alinipigia simu akipiga kelele hadi nikaisogeza simu mbali na sikio. Nami nikapiga kelele. Dereva mmoja aliyekuwa anakula jirani naye akapiga kelele, bila kujua tunashangilia nini. Tulipotulia, binti akashusha sauti.

"Lakini bibi amekataa."

Hapo lazima nieleze kidogo. Binti huyu sikumlea mimi. Mimi na mama yake tuliachana mapema, bila vita, yeye akaolewa Iringa, na mtoto alipofika miaka miwili nikampeleka Kilosa kwa mama yangu. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na kazi hiyo aliifanya mama yangu kuanzia nepi hadi kidato cha nne. Mimi nilituma matumizi. Kwa hiyo kwetu hakuna anayeuliza baba anasemaje. Bibi akikataa, limekataliwa. Na shule haisubiri mtu: zilibaki wiki tatu za kuripoti, zikipita nafasi anapewa mwingine.

"Amekataa kwa sababu gani?"

"Amesema Kagera mbali. Amesema Morogoro kuna vyuo vya ualimu, na mwalimu hajawahi kufa njaa."

Nikampigia mama. Shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, kisha nikashusha hotuba. Nchi inahitaji wahandisi. Dunia imebadilika. Mtoto ana kichwa. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo tatizo lake, husikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Haendi," akaniuliza kama huku Mikumi nako kuna baridi.

Siku hiyohiyo nikiwa nachokonoa flashi moja aliyoniachia mteja, nikakutana na picha ya mwanamke amevaa yale mavazi meupe ya angani, kofia ameikumbatia kwapani. Mwanamke! Mwanasayansi! Halafu ndiye stelingi! Nikasema, Mungu si Athumani. Hii naipeleka Kilosa. Mama ataona mtoto wa kike anakwenda mbali kuliko Kagera mara elfu, anafanya makubwa, anarudi anapigiwa makofi. Tena mama hajawahi kuniona kazini hata siku moja. Ataona kazi ya mwanawe na kesho ya mjukuu wake kwa mpigo mmoja. Nilijiona mjanja kupita kiasi.

Nikaamua kwanza niijaribu kwa wateja wangu, Jumamosi mchana.

Picha yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamke mmoja, nahodha, anapewa chombo na wenzake wanne kwenda kwenye mwezi wa barafu unaozunguka sayari ya mbali, kuangalia kama chini ya ile barafu kuna kinachoishi. Kwenda tu ni miaka sita. Mwanzoni anaagana na mama yake mlangoni. Wanakumbatiana, begi liko begani kwa binti, mama anampigapiga mgongo. Halafu roketi, moto, moshi, na banda zima likapiga miluzi. Mpaka hapo nilikuwa nao mkononi.

Wakafika angani. Sauti ikakata.

"Weka sauti!"

"Spika imekufa hiyo!"

Nikagusa waya. Nikaipiga spika kofi. Kumbe watengenezaji wamekusudia, eti huko juu hakuna sauti. Mimi ningejuaje? Maganda ya karanga yalishaanza kuruka kuja upande wangu. Nikafanya kilichowezekana: nikaweka mdomo kwenye maiki, nikanguruma mwenyewe. Vuuuuu! Nikaongeza na honi. Chombo cha watu kikakata anga kwa mlio wa semitrela linalopanda mlima Kitonga, na wateja wakatulia.

Lakini ile picha iliwagawa watu, sijapata kuona. Kuna dereva mmoja mnene, mteja wangu wa siku zote, mtu wa benchi la mbele. Yeye alianza kukikagua chombo kama trafiki.

"Miaka sita hawajaangalia oili? Na spea iko wapi? Gari zima halina spea!"

"Huko hakuna misumari," mwenzake akamjibu.

"Na hayo mawe yanayopita hapo, siyo pancha hiyo?"

Mama lishe mmoja aliyekaa nyuma yake alikasirishwa na chakula. Kuona wasomi wazima wanajifinyia uji mdomoni kutoka kwenye kitu kama dawa ya meno, alishindwa kuvumilia. "Miaka sita bila ugali," akasema, "halafu wanamtegemea afikiri!" Mfugaji mmoja kutoka Tindiga, aliyesimama mlangoni na fimbo yake, aliutazama ule mwezi wa barafu kwa muda mrefu, akauliza majani yako wapi. Nikamwambia hakuna. Akageuka akaenda zake. Katika maisha yangu yote ya kazi hajatokea mtu aliyenichambulia picha kwa ufupi kama yule.

Wengine iliwaingia. Kijana wa bodaboda alipoiona dunia kwa mbali, duara la buluu linaelea peke yake, alisimama, akaambiwa akae, hakusikia. Na dereva mmoja mkimya, wa kubeba shaba, alisema hiyo ndiyo picha ya kwanza aliyoiona inayomfahamu: umefungwa kwenye kiti siku nenda rudi, mbele giza, unaongea na nyumbani kwa mtandao unaokatika. Kwa maana stelingi yule, kila siku ya kuzaliwa kwake, alikuwa anamtumia mama yake ujumbe wa sauti.

Tukafika mwisho, na mwisho ndio ulioniua. Chombo kinapata hitilafu. Wanne wanaingia kwenye kichombo kidogo cha kurudia nyumbani, lakini lazima mmoja abaki kwenye kile kikubwa ili kuwafungulia njia. Anabaki stelingi. Mimi nikawa nawatuliza watu, "Tulieni, tulieni, huyu ana akili nyingi, mtaona." Tukaona. Chombo kikaenda, kikaenda, kikawa nukta, nukta ikapotea. Halafu akaonyeshwa mama yake, nywele zote nyeupe, yuko kwenye kiti, anasikiliza ujumbe wa mwisho uliochelewa njiani. Majina yakaanza kupanda.

Banda likalipuka.

"Stelingi hafi!"

"Rudisha stelingi!"

Benchi moja likapinduka. Yule dereva mnene alikuwa analia na kugomba kwa wakati mmoja. "Umetutafsiria vibaya wewe! Huyo amerudi, sema Kiingereza hujui!" Hilo liliniuma, sifichi. Mama lishe akasimama kunitetea, akasema picha ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuonyesha, ila wanaume wa Mikumi ni wajinga. Hilo nalo halikusaidia.

Jasho lilikuwa linanitoka, lakini si kwa ajili yao. Nilikuwa namwona mama yangu mbele ya picha ile. Nimwite nimwonyeshe mwanamke anayemwacha mama yake na kupotelea huko moja kwa moja? Kagera ingezikwa siku hiyohiyo.

Asubuhi ya Jumapili nikapata dawa. Picha zangu nazichezesha kwa kompyuta. Pale chombo kinapokuwa nukta, unairudisha nyuma haraka hadi mwanzo kabisa, kwenye kuagana mlangoni. Mtu na mama yake wamekumbatiana, nani anajua wanaagana au wanapokeana? Unasema tu kwenye maiki: "Mama, nimerudi!" "Karibu mwanangu!" Halafu unazima kabla roketi haijaonekana.

Mchana nikaijaribu. Makofi! Dereva mnene, ambaye alilala Mikumi makusudi apate maelezo, alinikumbatia akasema leo Kiingereza kimekaa sawasawa. Wiki nzima iliyofuata watu waligombana kwenye foleni ya mizani, walioiona Jumamosi na walioiona Jumapili, kila mmoja anaapa kwa macho yake. Wengine wakaenda na stelingi marehemu hadi Mbeya, wengine wakafika naye Dar yuko hai. Mimi nikafunga vyombo vyangu kwenye begi.

Kutoka Mikumi kwenda Kilosa unapita Ulaya. Ndiyo, na sisi tuna Ulaya yetu, ina mahindi na mbuzi na haidai viza. Nilifunga banda Jumapili iliyofuata, jambo ambalo sifanyi, maana Jumapili ndiyo siku yangu kubwa. Ndiyo sababu Kilosa nilikuwa nafika Krismasi na misibani tu. Binti alikuwa ameshazungumza na mchungaji, ukumbi wa kanisa tukapewa, na projekta juu. Madirisha tukayaziba kwa vitenge vya akina mama wa kwaya.

Walikuja wote. Kwaya yenyewe, wanafunzi, na wazee wastaafu wa reli ambao huja popote palipo na viti vya bure. Nilitoa shikamoo mpaka koo likakauka kabla sijagusa maiki. Mama yangu, mwanamke mdogo wa mwili, alikaa mstari wa mbele katikati, mkoba mapajani, miguu haigusi vizuri sakafu. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba picha ile inamhusu. Nadhani alijua.

Mchungaji alifungua kwa sala, halafu akaongeza kwamba mbingu tutakazoziona leo si zile anazohubiri yeye, kwa hiyo asije mtu ofisini kesho na maswali. Watu wakacheka, taa zikazimwa.

Roketi ikapaa. Wakafika angani, na mimi, mtu wa uzoefu, nikashika maiki nikaanza kunguruma. Vuuuuu!

"Baba," binti akaita kutoka mstari wa pili, kwa heshima zote, "huko hakuna hewa. Sauti haipiti."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Nikaizima Kitonga yangu. Lakini mama aligeuza shingo akamtazama mjukuu wake kwa tabasamu fulani dogo, nikajiambia, inaingia hiyo, inaingia.

Wakaanza na maoni yao. Mzee mmoja wa reli alitaka kujua chombo kile kimepewa njia na stesheni gani, na kikikutana na kingine nani atarudi nyuma. Akina mama wa kwaya wakagawanyika pande mbili: upande mmoja ukasema kuchungulia chini ya barafu ya Mungu ni utovu wa adabu, upande wa pili ukajibu kwamba kama Mungu aliweka kitu pale basi alitaka kionekane siku moja. Mwanafunzi mmoja akadai mambo yote hayo yamepigwa studio. Nilizoea. Niliyekuwa namchungulia ni mmoja tu.

Mama hakuuliza neno kuhusu chombo. Barafu haikumshughulisha. Ila kila alipoonyeshwa mama wa stelingi, peke yake ndani ya nyumba yake nzuri, mama yangu aliuliza kwa sauti.

"Huyo mama amebaki na nani?"

"Na majirani," nikajibu kwenye maiki.

Zikapita dakika kama kumi. "Na hao majirani wanalala kwake?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana.

Tukafika kwenye hitilafu. Wanne wakaondoka, stelingi akabaki, kwaya ikaanza kulia kwa sauti ya kwanza na ya pili. Chombo kikawa nukta. Vidole vyangu vikafanya kazi yake: nyuma, nyuma, nyuma, mlangoni.

"Mama, nimerudi!" nikapaza sauti. "Karibu, karibu mwanangu, tulikuwa tunakuombea!"

Vigelegele! Akina mama wakasimama. Nikawa naelekeza kidole kwenye kitufe cha kuzimia, roho imetulia, Kagera hiyo naiona.

"Mbona hajampokea mzigo?"

Alikuwa mama. Hakusema kwa nguvu, lakini kwetu mtu mzima akisema, vigelegele hunyamaza.

"Mtu akirudi safari," akasema, "kwanza unampokea mzigo, ndipo mnakumbatiana. Huyo mama hajamgusa mwanawe begi. Liko begani palepale. Huyo mtoto haji. Huyo anaondoka."

Wanawake wote wa ukumbi ule waliitazama picha upya, na nikawaona wanaelewa mmoja baada ya mwingine. "Ee kweli!" mmoja akasema. "Tena mama amevaa kitambaa kilekile cha mwanzo!" Madereva wangu hamsini hawakuliona jambo lile. Labda kwa sababu wao ndio wanaobeba mabegi, sijui.

"Hebu wewe," mama akaniambia, na jina la utotoni akalitaja mbele ya mchungaji, "ukiwa na hicho kidude chako mdomoni. Amerudi au hajarudi?"

Nimesema uongo mwingi kupitia maiki ile, uongo wa halali, wa kazi. Siku ile ulimi ulikataa. Nikamwona binti yangu mstari wa pili amefumba macho.

"Hajarudi, mama."

Basi ukumbi ukanichambua mimi badala ya picha. Mzee wa reli akasema huko ni kupotosha umma. Kiongozi wa kwaya akasema ningewaacha tu na furaha yao. Mchungaji akakohoa. Mama akaunyosha mkono wake kuelekea ukutani.

"Iweke vizuri tuone."

Nikaiweka. Nikatafsiri ule ujumbe wa mwisho neno kwa neno, kwa kadiri ya kidato changu cha nne. Stelingi anamweleza mama yake kile alichokiona, anamuuliza kama mguu bado unamsumbua, anasema asimsubirie chakula. Mama alitazama mpaka majina yote yalipokwisha kupanda, na yeye hasomi Kiingereza. Kisha akainuka, akamshukuru mchungaji, akaenda nyumbani kwa miguu.

Nilimfuata nikiwa nimeshaandaa maneno ya kujitetea. Nilimkuta jikoni anachagua mchele, binti ameketi kwenye kizingiti. Nikaanza, "Mama, ile ni picha tu, Kagera si sayari, kuna mabasi, kuna simu..."

"Kagera siiogopi," akasema. "Mtoto huyu namjua. Akienda atarudi."

"Sasa unakataa nini?"

Akaendelea kuchagua mchele. "Wewe uliondoka na begi jeusi. Ulisema unakwenda Mikumi wiki mbili, kumsaidia rafiki yako banda la video."

"Mama, Mikumi ni hapo tu."

"Ndiyo. Ni hapo tu. Ndiyo maana nashangaa."

Nikahesabu kichwani. Miaka ishirini na mbili. Nilitaka kusema nilikuwa natuma matumizi, na nadhani aliliona neno hilo likija, kwa sababu aliliwahi.

"Yule mwanamke alikuwa huko gizani, hata hewa hakuna, na kila mwaka mama yake anaisikia sauti yake anaulizwa mguu. Wewe, simu yangu inalia tu kusema imeingia hela. Naogopa kubaki na redio, mwanangu. Nimesema. Nilikuwa namshikilia mtoto wa watu kwa sababu hiyo, na leo nimejiona pale kwenye kiti nikaona haya." Akamgeukia mjukuu wake. "Kafue nguo zako. Utakwenda shule."

Binti alipiga yowe akamrukia bibi yake, mchele ukamwagika, wakaanza kuokota wote wawili huku wanalia na kucheka. Mimi nikasimama pale kama mgeni. Nikasema, "Mama, nakuahidi, kuanzia sasa..."

"Usiniahidi," akasema bila kuinua kichwa. "Wewe kazi yako ni kusema."

Binti aliondoka wiki moja baadaye. Tulimpeleka stendi alfajiri, sanduku, godoro, ndoo, na bibi yake akamweleza kondakta mambo mengi ambayo kondakta hakuyauliza. Mimi nikarudi Mikumi.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo nilifunga banda. Dereva mnene alikuta kufuli, akanipigia simu akiniuliza nani amekufa. Sikumwambia mama kwamba nakuja. Nilifika Kilosa saa saba mchana, nikapiga hodi, shikamoo, marahaba, kana kwamba nilitoka dukani. Alikuwa anapakua wali na maharage ya nazi. Mezani palikuwa na sahani mbili.

"Nani amekwambia nakuja?"

"Hakuna."

"Sasa hii ya pili ni ya nani?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linachomoza. "Jumapili huwa napikia watatu. Leo nimepunguza wa mtoto."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nikabaki nimesimama, nimeishika ile sahani, halafu nikamuuliza swali la kijinga, maana lilikuwa ndilo pekee nililoweza kulitoa: chakula changu cha Jumapili zote hizo kilikuwa kinakwenda wapi.

"Kinaliwa na kuku," mama akasema. "Kaa ule, kinapoa."